Wimbo wa Kabatini

Siku Fundi aliyousikia wimbo wake redioni alikuwa na pini nne mdomoni, na hizo pini ndizo zilizomwokoa mteja wa watu asitukanwe bure. Alikuwa amepiga magoti anabana pindo la sketi ya mwalimu mmoja, mama mnene mpole, na redio ya dukani ilikuwa inaropoka kama kawaida yake ya mchana. Mara kikalia kinanda, na binti mmoja akaingia na maneno: "Vuta kwako, vuta kwangu, shuka letu ni moja."

Fundi akaganda. Mwalimu akatikisa kiuno kidogo, pindo likamponyoka Fundi mkononi.

"Huu wimbo naupenda, jamani," akasema Mwalimu. "Wa mapenzi, lakini una adabu zake."

Wa mapenzi! Fundi akazitema pini kiganjani, moja, mbili, tatu, nne.

"Si wa mapenzi," akasema. "Ni wa mtu na mdogo wake wanagombania shuka."

"Umejuaje?"

"Nimeutunga mimi."

Mwalimu akacheka kwa upole wake wote, kama unavyomchekea mtoto aliyekuja kukuambia ameona simba chooni. Fundi akazirudisha pini mdomoni na kumaliza pindo. Lakini moyoni alikuwa ameshamkata mtu vipande vipande, na mtu mwenyewe hakuwa Mwalimu.

Sasa, ili mjue kwa nini aliwaka hivyo, na msije mkasema huyu mama ana hasira za karibu, lazima mjue wimbo ule ulivyopatikana. Haukuokotwa njiani.

Fundi na mdogo wake walikuwa waitikiaji katika bendi ya bwana mmoja mpiga kinanda, na watu wote walimwita hivyo hivyo, Kinanda. Walimwitikia miaka sita, wakiwa wamesimama nyuma karibu na nyaya. Siku Fundi alipoomba aimbe mbele, wimbo mmoja tu, Kinanda alimwangalia kuanzia kilemba mpaka kandambili, akasema, "Mama, sauti yako ni ya jikoni. Kaimbie sufuria." Bendi nzima ikacheka. Mdogo wake Fundi hakucheka. Alivua fulana ya bendi pale pale, akabaki na shumizi, akamtupia Kinanda usoni na kumshika dada yake mkono.

"Tutarekodi wenyewe nyumbani," akasema walipofika barabarani, bado yuko na shumizi na watu wanageuka. "Jikoni kwetu hakuna nafasi, lakini kabati tunalo."

Hakuwa anatania. Nyumba yao ilikuwa vyumba viwili: cha mbele duka la kushona, cha nyuma cha kulala, na ndani ya cha kulala kabati kubwa la mbao lililojaa nguo za wateja wasiorudi kuchukua nguo zao. Makoti, suti za harusi zilizovunjika kabla ya siku, majoho. Mkiingiza kichwa humo mkasema neno, neno linamezwa na nguo, halirudi na mwangwi wowote. Studio gani ina ukuta kama huo? Maiki waliipata kwenye mitumba, shingo imepasuka, wakaifunga kwenye mwiko na mwiko wakautundika kwenye henga. Fundi akachukua fremu yake ya kutarizia, akaitandaza soksi ndefu ya nailoni na kuiweka mbele ya maiki, ili zile "pa" na "ba" za mdogo wake zisipige kama makofi. Godoro likasimamishwa mlangoni. Visikizi vilikuwa na sikio moja zima, wakalisikiliza kwa zamu.

Shida zilibaki mbili. Ya kwanza ni mashine ya kusaga nafaka ya jirani, ambayo ilinguruma tangu alfajiri mpaka usiku wa manane na kunyamaza kidogo tu msagaji alipokuwa anabadilisha gunia. Ya pili ni kompyuta yao. Ilikuwa kuukuu, na kila ukibonyeza kusimamisha kurekodi, inaganda. Uizime yote, uiwashe upya, uisubiri kama unasubiri maharage. Kwa hiyo wakaweka sheria moja ya nyumba: usizime. Kompyuta iachwe isikilize tu, mwanzo mpaka mwisho, wao waimbe pale mashine inaponyamaza.

Na hivyo ndivyo walivyofanya. Mashine ikinguruma wanapiga soga, wanatunga, wanabishana, wanamsema Kinanda. Ikinyamaza, mdogo mtu anapiga kelele, "Dada, imezima, twende!" na wote wawili wanatumbukiza vichwa kabatini. Muda ni mfupi, hakuna wa kumsubiri mwenzake avute pumzi. Mmoja anamalizia neno, mwingine ameshaanza linalofuata. Sauti zao zilifanana mno. Mama yao mzazi alikuwa akisikia "Abee!" hajui nani ameitika. Ukisikiliza unadhani ni mwanamke mmoja mwenye mapafu ya mhunzi.

Walimaliza baada ya siku tatu, kila siku robo saa na ushei. Siku ya tatu mdogo mtu alikuwa anakohoa kati ya mistari, na wakakicheka kile kikohozi, wakasema ni vumbi la makoti. Halikuwa vumbi. Wiki mbili baadaye yuko kitandani hospitali, amebaki macho na mdomo, na mdomo ule haukuugua hata siku moja.

"Mpelekee Kinanda akaukate na kuusafisha," akasema. "Roho yake mbaya, lakini mashine yake nzuri."

Fundi akafanya kosa ambalo labda mshonaji peke yake angelifanya. Kompyuta imejaa, flashi mkononi, na mbele yake pana amri mbili, kunakili na kukata. Mtu aliyeshika mkasi miaka ishirini na tano utamwambia achague nini? Akakata. Wimbo ukahamia wote kwenye flashi, nyuma hakikubaki hata kipande. Mdogo wake alikuwa ameifunga flashi ile kwa uzi mwekundu isipotee, na Fundi akaipeleka na uzi wake mpaka mkononi kwa Kinanda.

Mdogo wake akafariki siku ya sita baada ya hapo. Fundi alipomaliza matanga, akaenda kuchukua sauti ya marehemu, kwa sababu hakuwa na nyingine. Picha alizo nazo, nguo zake anazo, kikombe chake anacho. Sauti ilikuwa humo tu.

"Ile?" Kinanda akasema bila hata kuinuka. "Nilisikiliza, haina kitu. Nikafuta. Takataka nafuta, mama, nisijaze mashine. Pole na msiba."

Fundi alilia siku ile njia nzima. Hakumlaumu mtu. Alijilaumu mwenyewe na mkono wake uliozoea kukata.

Basi mpige hesabu wenyewe. Miezi minne baadaye mtu huyo huyo anakusikilizisha takataka yako redioni, ameifanya ya chumbani, kamtia binti mwingine mdomoni, na mtangazaji anasema "mtunzi wetu mahiri". We! Fundi alifunga duka saa saba mchana, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya mafuriko, akaenda mpaka studio ya Kinanda na tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Umeniibia wimbo."

"Una ushahidi?"

"Wewe unajua, mimi najua, na marehemu anajua."

"Basi mlete marehemu," Kinanda akasema.

Lo! Kuna maneno mtu akishayasema hawezi tena kuyaokota. Fundi alimwangalia kama anavyomwangalia mteja wa kupima: shingo, mabega, tumbo, mguu. Chini kuna kiatu cheusi chenye ncha, kinang'aa, namba arobaini na tatu. Akageuka, akaenda zake. Njiani alikuwa anasema peke yake, "Atanitambua. Huyu atakiona cha mtema kuni. Wallahi atanitambua," na watu wakampisha.

Ila atamfanya nini? Kinanda ana bendi, ana redio, ana ukumbi na uzinduzi wa albamu Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Fundi ana cherehani. Akakaa na hasira yake dukani wiki mbili, akishona mishono iliyokaza mpaka wateja wakalalamika.

Halafu kikulacho kikaja chenyewe nguoni mwake. Jumatatu asubuhi akaingia binti, mwembamba, macho makubwa, kitambaa cha buluu kwapani.

"Shikamoo, Fundi. Nimeambiwa wewe ndiye unayejua kushona mtaa huu. Nataka gauni la jukwaani. Nina uzinduzi Jumamosi, mimi ndiye naimba ule wimbo wa shuka."

"Marahaba," Fundi akasema, akachukua pini akazitia mdomoni, maana bila hizo yangemtoka mengine. Akampima. Fundi anayekutakia mema hukupima kifua ukiwa umevuta pumzi. Huyu alimwambia, "Toa pumzi, mwanangu. Yote. Itoe yote," kisha akazungusha tepu, na kwenye kipimo kile kile akapunguza vidole viwili. Gauni lingemkaa vizuri akiwa amesimama. Lingempendeza hata. Akifika ubeti wa tatu, pale ambapo hata watu wawili walikuwa wanapokezana ili wasizimie, mbavu zingetafuta pa kwenda zisipaone. Mbele ya ukumbi mzima, na Kinanda yuko pembeni na meno yake nje.

Alikata kitambaa kile jioni ile ile kwa raha, nisiwadanganye. Binti alikuwa hajamkosea kitu? Ndiyo, hajamkosea. Lakini hasira ikikosa mlango hutokea dirishani, na dirisha lililokuwa wazi ni hili.

Ijumaa mchana binti akaja kujaribisha. Akaingia ndani ya gauni, Fundi akapandisha zipu polepole, ikafika juu kwa taabu.

"Fundi, linanibana kidogo hapa mbavuni."

"Ndiyo mtindo."

"Ni kwamba ule wimbo hauna pa kuvuta pumzi. Kila nikiuimba naona nyota. Ningeomba uniongezee kidogo tu."

"Mtunzi wako hakukuonyesha pa kuvutia?"

"Hata yeye hajui," binti akasema, na ulimi wake ukaonekana kama umeteleza. Akainamisha macho.

Kwa jirani mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, kioo kinatetemeka ukutani. Binti alikuwa akitega sikio tangu alipoingia, kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona fulani. Mara msagaji akabadilisha gunia, mashine ikanyamaza. Na binti, bila kufikiri, mdomo ukamtoka wenyewe:

"Dada, imezima, twende!"

Fundi alikuwa amechutama nyuma yake. Akakaa chini, pwaa, sakafuni kati ya vipande vya nguo.

"Umesema nini?"

Binti akageuka, mkono mdomoni. "Ni wewe," akasema. "Maskini, ni wewe. Hii ndiyo mashine yenyewe. Siku ile ya kwanza nilisema sauti hii naijua, ila ulikuwa na pini mdomoni."

"Umesema nini?" Fundi akarudia.

Basi binti akaeleza. Kinanda ni mvivu kama walivyo wezi wengi. Hakumfundisha wimbo, na flashi mwenyewe aliisikiliza pale panapoimbwa tu. Alimtupia flashi akamwambia, "Jifunzie humo, nilikodi wanawake wawili waniimbie majaribio." Binti akaisikiliza yote kwenye spika yake ndogo, dakika hamsini na ushei, mara mia kama si mia mbili. Akawasikia wanavyotunga kila neno, wanavyocheka, wanavyomsema Kinanda. Alijua kila kitu tangu wiki ya kwanza, na aliogopa. Ndiyo nafasi yake ya kwanza maishani, angemwambia nani? Akajiapiza tu kwamba akiwapata wale wanawake atawaambia.

"Alisema amefuta," Fundi akasema.

"Hajafuta." Binti akafungua mkoba. Flashi ikatoka, na uzi mwekundu ukiwa bado umeifunga shingo. "Na mwenzako yuko wapi? Yule anayecheka sana?"

"Amefariki."

Binti akapiga magoti na gauni lake la kubana, akamshika Fundi mikono yote miwili. Mashine ya jirani ikaanza tena.

Fundi ndiye aliyeinuka kwanza. "Vua hilo gauni."

"Kwa nini?"

"Nimelishona vibaya. Vua, nilifumue."

Binti akamwangalia, kisha akaliangalia gauni, akaelewa. Alivua. Fundi akafumua mshono wa ubavu huu na ule, akarudisha vidole viwili alivyovila, akaongeza na cha tatu cha kuombea radhi. Ila msidhani hasira yake ilifumuka pamoja na uzi. Ilikuwa imehama tu kutoka mbavu za mtoto wa watu, sasa inajua njia ya kwenda kwa mwenyewe.

Mtu mwema angechukua flashi yake, akashukuru Mungu, akafunga mlango. Binti mwenyewe alimwambia, "Ichukue, ni yako. Nitamwambia imepotea." Fundi akaishika kiganjani. Nyepesi kama kifungo. Akasema, "Hapana. Kesho utaipiga ukumbini."

"Ukumbini?"

"Si alisema nimlete marehemu? Namletea."

Binti akafikiri. Alikuwa na akili kumshinda Fundi siku ile, niseme ukweli. "Basi kwanza twende kwa fundi simu pale kona, tuinakili. Usije ukaipoteza."

"Baada ya onyesho."

"Ni dakika mbili tu, Dada."

"Nimesema baada ya onyesho! Nikiisikia sauti ile leo nitalia, na kesho sitaki kwenda kwa Kinanda na macho mekundu. Nataka aniangalie nikiwa nimenyooka." Hasira hasara, walisema wazee, na kila mtu hulijua neno hilo siku ya pili yake.

Jumamosi saa tisa alasiri ukumbi ulikuwa umejaa mpaka madirishani. Fundi alikaa safu ya nne, amevaa gauni la mdogo wake. Mbele yake kidogo akamwona Mwalimu, yule mnene mpole, simu ameshaiinua juu kama nusu ya ukumbi. Kinanda akatoka na koti jeupe na viatu vyake vyeusi vya ncha, akapigiwa makofi, akashika maiki.

"Wimbo huu," akasema, na kuweka mkono kifuani, "niliutunga peke yangu, chumbani, machozi yananitoka."

Watu wakasema "Ooh." Fundi akasaga meno.

Binti akatoka na gauni la buluu, na lilimkaa, jamani, kazi ni kazi hata ikiwa na hasira. Hakuanza kuimba. Akasema, "Kabla sijaimba, naomba msikie wimbo huu ulivyozaliwa," na kumtikisia kichwa jamaa wa mitambo, ambaye alikuwa amepewa flashi asubuhi na kudhani ni sehemu ya onyesho.

Spika zikanguruma. Mashine ya kusaga, kubwa kama lori, ndani ya ukumbi. Kisha sauti ya mwanamke, karibu, kama yuko kwenye kiti cha pili:

"Usizime, Dada. Ikiganda tena mimi naitupa nje."

Fundi alifumba macho. Karibu miezi mitano! Karibu miezi mitano hakuwa ameisikia, na alikuwa ameshaanza kusahau kwamba mdogo wake alikuwa anavuta lile "Dada" mwishoni.

"'Vuta kwako', halafu?" Hii ni sauti yake mwenyewe.

"'Vuta kwangu'! Si ndivyo ulivyokuwa unafanya? Unavuta shuka mpaka miguu yangu inabaki nje kama ya maiti."

Ukumbi ukacheka. Kinanda naye akacheka, nusu, bado anajiuliza. Mashine ikanyamaza mara mbili, na mara mbili wakaimba, ubeti wa kwanza na wa pili, ukumbi ukaitikia. Halafu mdogo mtu akajiziba pua, akaigiza ile sauti ya Kinanda ambayo kila mtu mjini anaijua: "'Mama, sauti yako ni ya jikoni! Kaimbie sufuria!' Huyu, Dada, wimbo huu akiusikia anauiba kama mbuzi, na kamba yake."

"Akauimbe wapi? Ataweza?"

"Ataweza wapi! Pumzi hana, ana tumbo."

Ukumbi ulipasuka. Watu walipigana mabegani, wakashika mbavu, wengine wakasimama kumwangalia tumbo. "Pumzi hana!" akapaza mmoja kule nyuma. Kinanda akawa mwekundu, akawa mweusi, akashuka jukwaani mbio kuelekea kwenye mitambo.

"Zima! Zima hicho kitu!"

"Usizime!" wakapiga kelele watu. Walikuwa wanataka uhondo. "Usizime! Usizime!" Wakaanza kupiga makofi kwa mdundo. Na Fundi alikuwa amesimama juu ya kiti anapiga kelele hiyo hiyo kuliko wote, koo linamchanika, "Usizime!", lakini yeye hakuwa anataka uhondo tena. Kisasi kilikuwa kimeiva, kimeliwa, kimeisha. Alikuwa anajua mashine inakaribia kunyamaza, na ikinyamaza mdogo wake ataimba ubeti wa tatu, na ubeti ule hajausikia tangu siku ile kabatini. "Usizime, nakuomba! Kinanda, nakuomba!"

Alimwomba. Mtu aliyeapa kumtia adabu alimwomba mbele za watu.

"Dada, imezima, twen..."

Kinanda akaing'oa flashi. Akaitupa sakafuni, na kile kiatu chake cha ncha kikapanda juu yake, kaa! Mara moja. Mara ya pili, kwa kisigino.

Kelele za watu zilikatika. Kisha zikarudi kwa namna nyingine kabisa, na sitawachosha nazo. Alizomewa mpaka mlangoni, na "Pumzi hana" ikamfuata mtaani, na bado inamfuata. Bendi ilimwacha mwezi ule ule. Redio haijamgusa tena. Kama mnataka kujua kama Fundi alipata alichokitaka, alikipata chote, na juu yake akaongezewa.

Fundi mwenyewe alikuwa chini, amepiga magoti kwenye miguu ya watu, anaokota vipande vya plastiki kama anavyookota pini. Uzi mwekundu ulikuwa mzima. Binti alikuja akachuchumaa karibu yake, naye akaokota, na hakusema "nilikuambia", Mungu ambariki.

Ndipo likaja lile tumbo pole la Mwalimu, likainama kwa shida. "Fundi. Samahani kwa siku ile. Nilicheka." Akamnyooshea simu. "Lakini mimi nilikuwa narekodi."

Akabonyeza. Sauti ikatoka nyembamba, mbali, imefunikwa na vicheko: "Usizime, Dada." Jamaa wa kiti cha nyuma akasema, hata mimi nimerekodi. Na huyu. Na wale wa madirishani.

Simu kumi na moja. Moja ilianza mapema, nyingine ilichelewa, moja ilimkamata mwenyewe akipiga chafya katikati. Jumatatu Fundi na binti wakasimamisha godoro mlangoni, wakavileta vipande vyote kwenye kompyuta ya kuazima, wakaviunga kama unavyounga mabaki ya vitambaa. Safari hii walinakili kwanza, mara tatu. Ubeti wa tatu haukuwemo kwenye simu yoyote, umekwenda na kiatu. Ila binti alikuwa ameusikiliza mara mia mbili. Aliingiza kichwa kati ya makoti akauimba kwa nafasi ya mdogo mtu, mpaka vile anavyovuta mwisho wa "Dada", na Fundi akampokea kabla hajamaliza, na pumzi ikawatosha.

Wimbo huo ndio huu mnaousikia sasa. Una vicheko vya watu ndani yake, na mdogo mtu angefurahi, alipenda sana hadhira. Na pale kabla ya ubeti wa tatu kuna kitu kinavunjika, kaa, mara mbili. Binti alisema wakitoe, kinaharibu. Fundi akasema mkasi wake umekata vya kutosha, hicho kibaki. Wateja wakimuuliza ni nini kile kinachovunjika, hutoa pini mdomoni, moja moja, bila haraka, kisha anawatajia jina kamili la mwenye kiatu, mtaa anaokaa, na namba: arobaini na tatu.